Tuisheni: Sheria yamkaba mwalimu, chuo chamsahau mwanafunzi

ANAYEENDESHA masomo ya ziada wakati wa likizo nchini Kenya anajitia katika hatari ya kutozwa faini isiyozidi Sh100,000, au kufungwa gerezani kwa muda usiozidi mwaka mmoja, au kupewa adhabu zote mbili kwa pamoja. Ndivyo isemavyo Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013, kifungu cha 37.

Pamoja na ukali huo wote, tuisheni haijatoweka. Katika mtaa wa Mbotela na mitaa jirani ya Makongeni, Kaloleni, Maringo na Jericho, jijini Nairobi, imehama tu kutoka madarasani na kuingia sebuleni, katika kumbi za makanisa na vyumba vya kupanga. Mzazi anayemtafutia mwanawe mwalimu wa hisabati haulizi sheria inasemaje. Anauliza ni pesa ngapi kwa saa.

Mjadala wa tuisheni aghalabu huishia hapo: wizara imepiga marufuku, walimu wamekaidi, wazazi wanalipa. Hata hivyo, kuna kundi jingine linalobisha mlango wa mwalimu huyo huyo jioni, ambalo halitajwi na sheria wala na wanaoijadili. Hawa ni wanafunzi wa vyuo.

Sheria ya 2013, kama jina lake linavyodokeza, inakomea shule ya sekondari. Kijana aliyevuka hapo na kujiunga na chuo cha kiufundi, chuo cha uhasibu au chuo kikuu hana wa kumkataza kutafuta msaada wa masomo. Tatizo lake ni kwamba hana wa kumpa msaada huo chuoni, na hivyo hurudi nao mtaani kama mtu arudiye na mzigo alioshindwa kuuza sokoni.

Ili kuelewa uzito wa jambo hili, yafaa kutazama kile hasa kinachofanyika mwanafunzi na mwalimu wanapoketi mezani.

Chukua mfano wa kijana anayesomea umeme katika chuo cha kiufundi. Ameshindwa na swali kuhusu rezista mbili zilizounganishwa sambamba, moja ya omu 6 na nyingine ya omu 3. Kinachotakiwa ni kujumlisha sudusi na thuluthi, kupata nusu, kisha kuigeuza nusu hiyo ili jibu liwe omu 2. Yeye anajumlisha vya juu kwa vya juu na vya chini kwa vya chini, anapata mbili kwa tisa, anageuza, na kuandika omu 4.5.

Mkufunzi mwenye wanafunzi wengi darasani atalikata jibu hilo kwa wino mwekundu na kuendelea na mada inayofuata. Atakuwa amesahihisha umeme, ilhali kilichokosewa si umeme. Ni hesabu ya sehemu, ambayo kijana huyo alipaswa kuielewa akiwa shule ya msingi na ambayo imemfuata hadi chuoni kama deni la dukani.

Mwalimu anayeketi na mwanafunzi mmoja mmoja huliona kosa hilo haraka, kwa sababu humtaka mwanafunzi aeleze alivyofikiri. Hukumbusha pia jambo ambalo fundi yeyote mzoefu analijua: rezista zikiunganishwa sambamba, ukinzani wa jumla huwa mdogo kuliko ule wa rezista ndogo kabisa. Jibu la 4.5 halingewezekana, na mwanafunzi angeligundua mwenyewe kabla ya kukabidhi karatasi. Kazi ya aina hii haihitaji maabara wala kompyuta. Inahitaji muda, subira na mtu anayejua pa kutafuta kosa.

Hali si tofauti katika uhasibu. Vijana wengi wa Eastlands husomea mitihani ya Kasneb, bodi iliyoanzishwa mwaka 1969, huku wakifanya kazi za vibarua mchana. Aliyekwama kwa kutojua kiasi fulani kiandikwe upande gani wa daftari hawezi kuelewa taarifa za fedha za kampuni, hata akizikariri usiku kucha. Naye hutafuta wa kumwelekeza, na hulipa.

Swali linalofaa kuulizwa ni je, vyuo vilifikaje mahali pa kuwaachia wapita njia kazi hii?

Sehemu ya jibu imo katika idadi. Katika mtihani wa KCSE wa mwaka 2024, kati ya watahiniwa 962,512 ni 246,391 pekee waliopata alama ya C+ au zaidi, ambayo ndiyo tiketi ya moja kwa moja ya chuo kikuu. Zaidi ya vijana 700,000 walibaki chini ya kiwango hicho. Sera ya serikali kwa hao imekuwa moja kwa miaka kadhaa sasa: waende vyuo vya kiufundi.

Ni sera njema. Mwaka 2018 karo katika vyuo vya kiufundi vya umma ilisawazishwa kuwa Sh56,420 kwa mwaka, na serikali ikaahidi kumlipia kila mwanafunzi aliyeteuliwa Sh30,000 kati ya hizo. Mfumo huo wa fedha umebadilishwa tangu mwaka 2023, lakini nia ya kujaza vyuo haijabadilika. Mwenye C- hukubaliwa kusomea diploma, mwenye D husomea cheti, na hata aliyepata E ana nafasi katika kozi za ufundi wa mikono.

Kwa maneno mengine, mlango umefunguliwa kwa makusudi kwa vijana ambao taifa lenyewe, kupitia mtihani wake, limethibitisha kwamba hawakuelewa hisabati na Kiingereza cha sekondari. Kisha huwekwa mbele ya mafunzo ya umeme, ujenzi na mitambo yanayotegemea hisabati hiyo hiyo, yaliyoandikwa kwa Kiingereza hicho hicho. Bajeti imetenga fedha za majengo, vifaa na wakufunzi. Mtu wa kuziba pengo kati ya alama ya D na kitabu cha mwaka wa kwanza hayumo.

Vyuo vingi vya umma vina ofisi ya ushauri nasaha, na hilo ni jema. Mshauri humsikiliza mwanafunzi aliyefiwa, aliyekosa karo au aliyelemewa na msongo wa mawazo. Lakini aliyelemewa na sehemu na desimali akipelekwa kwa mshauri atarudi amefarijika, na swali lake likiwa pale pale.

Vyuo vikuu navyo vina historia yake. Enzi za Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki, kati ya 1963 na 1970, mhadhara ulifuatwa na kikao cha wanafunzi wachache na mwalimu wao, ambapo kila mmoja alilazimika kufungua kinywa. Utaratibu huo ulirithiwa kutoka Uingereza, na ulikuwa wa gharama kubwa. Idadi ya wanafunzi ilipoongezeka, na hasa baada ya Chuo Kikuu cha Nairobi kuanzisha mpango wa wanafunzi wa kujilipia karo mwaka 1998, kumbi zilifurika na vikao hivyo vikafifia.

Kilichobaki ni cheo. Hadi leo vyuo vikuu nchini huajiri wahadhiri wa ngazi ya chini ambao jina la kazi yao kwa Kiingereza linatokana na vikao hivyo vya wanafunzi wachache. Wenye cheo hicho huhutubia kumbi nzima, husahihisha mamia ya karatasi na wakati uo huo huandika tasnifu zao za uzamifu. Jina limebaki ofisini, kazi imehamia mtaani.

Huko mtaani inawapata akina nani?

Aghalabu ni vijana wenye shahada za ualimu wanaosubiri kuajiriwa. Tume ya Kuwaajiri Walimu, TSC, imewahi kukiri kwamba walimu waliosajiliwa na wasio na kazi wanazidi 300,000. Wanaobahatika kuingia katika mpango wa vibarua vya uanagenzi katika shule za sekondari ya msingi wamekuwa wakilipwa Sh20,000 kwa mwezi kabla ya makato. Kwa mwalimu anayelipa kodi ya nyumba Nairobi, wanafunzi watano wa jioni si anasa.

Wengine ni wale waliokuwa wakiishi kwa kuwaandikia wanafunzi wa ng'ambo insha na kazi za chuo. Biashara hiyo ilistawi mno jijini Nairobi kwa zaidi ya mwongo mmoja. Kijana wa Eastlands alikesha akiandika kuhusu uuguzi au historia ya Ulaya kwa niaba ya mwanafunzi wa Uingereza, Australia au Marekani ambaye hatawahi kumwona. Australia ilipitisha sheria ya kuwaadhibu wauzaji wa kazi hizo mwaka 2020, nayo Uingereza ikafuata mwaka 2022. Mwishoni mwa mwaka huo huo ikaja programu ya ChatGPT, na wateja wakaanza kupotea.

Kejeli ya biashara hiyo ni kubwa kuliko swali la maadili lililozungumzwa sana. Yule mnunuzi wa ng'ambo alikuwa na kituo cha usaidizi wa masomo ndani ya chuo chake, kilicholipiwa tayari katika karo, akakipita na kwenda kununua insha. Muuzaji aliyekuwa na uwezo wa kufunza alikuwa akiishi ukuta kwa ukuta na mwanafunzi wa chuo cha kiufundi asiyeweza kuandika ripoti ya mazoezi yake ya kazini, na ambaye hakuwa na dola za kumlipa.

Vituo hivyo vya ng'ambo si hadithi. Nchini Marekani, chama cha wataalamu wa usomaji na masomo ya vyuoni, CRLA, kimekuwa kikiidhinisha mafunzo ya walimu wa aina hii tangu mwaka 1989. Ili kupata cheti cha ngazi ya kwanza, msaidizi, ambaye mara nyingi ni mwanafunzi wa mwaka wa juu, hupitia angalau saa 10 za mafunzo na saa 25 za kufunza. Hufundishwa namna ya kuuliza badala ya kujibu, namna ya kunyamaza mwanafunzi anapofikiri, na mstari asiopaswa kuuvuka: haruhusiwi kumfanyia mwanafunzi kazi yake.

Mbinu nyingine ilibuniwa mwaka 1973 katika Chuo Kikuu cha Missouri, Kansas City, na Deanna Martin. Badala ya kuwasaka wanafunzi dhaifu, aliyasaka masomo magumu, yaani yale ambayo wengi huanguka mwaka baada ya mwaka. Kila somo la aina hiyo lilipangiwa vikao vya kila wiki vinavyoongozwa na mwanafunzi aliyekwisha kulifaulu, na kila mtu akakaribishwa. Hapakuwa na fedheha ya kuitwa mjinga, kwa kuwa aliyetajwa kuwa na tatizo ni somo lenyewe. Vyuo vya Afrika Kusini vimeitumia mbinu hiyo tangu miaka ya 1990, palipokuwa na haja ya kuwapokea wanafunzi ambao shule za ubaguzi wa rangi ziliwanyima misingi.

Mfano wa Afrika Kusini ndio unaoikaribia Kenya zaidi. Huko walikubali hadharani kwamba wanafunzi wanaingia chuoni wakiwa na mapengo wasiyoyasababisha, na kwamba kuziba mapengo hayo ni sehemu ya kazi ya chuo. Kenya bado inazungumza kana kwamba aliyekubaliwa chuoni yuko tayari kwa chuo.

Wapo watakaopinga. Hoja ya kwanza ni kwamba mwanafunzi wa chuo ni mtu mzima na hafai kulishwa kwa kijiko. Hoja hiyo ingekuwa na mashiko kama wote wangekula mikavu. Ukweli ni kwamba mwenye uwezo hununua kijiko chake. Vyuo vikuu vichache vya kibinafsi humpa kila mwanafunzi mtu wa kumfuatilia, na familia zenye pesa hulipia masomo ya faragha. Anayeachwa ajitegemee ni yule wa chumba kimoja.

Hoja ya pili ni simu. Inadaiwa kwamba programu za akili bandia zitamjibu mwanafunzi saa yoyote, tena bila malipo. Ni kweli zinajibu, na kwa mwenye misingi ni msaada mkubwa. Lakini aliyepata omu 4.5 akiiuliza simu atapewa omu 2, atainakili, na hesabu yake ya sehemu itabaki ilivyokuwa. Hataulizwa alifikaje kwenye 4.5 kama hakujua kwamba hilo ndilo la kuulizwa.

Hoja nzito zaidi ni ya fedha, na haifai kupuuzwa katika nchi ambayo wahadhiri hugoma kila mara kudai malimbikizo. Hata hivyo, kazi hii si ya kuajiri maprofesa. Mwanafunzi wa mwaka wa tatu aliyefaulu vyema hisabati ya ufundi anaweza kulipwa kwa saa, au kupunguziwa karo, ili aketi na wenzake wa mwaka wa kwanza jioni mara tatu kwa wiki. Mwalimu mmoja mwenye shahada, kati ya hao zaidi ya 300,000, anaweza kuwasimamia. Kinachopotea sasa, yaani karo ya serikali inayolipwa kwa kijana atakayeacha masomo katikati, hakionekani katika hesabu za mtu yeyote.

Pana pia suala la mahali. Mbotela ni mtaa wa miaka ya 1950, uliopewa jina la Tom Mbotela, kiongozi wa chama cha KAU aliyeuawa mwezi Novemba 1952. Nyumba za mitaa hiyo ya zamani zilijengwa kwa ajili ya vibarua wa jiji, na waliozichora hawakuwazia kwamba siku moja ndani yake kungekuwa na mwanafunzi wa diploma anayehitaji meza. Familia ikipika, ikitazama runinga na kulala katika nafasi hiyo hiyo, masomo husubiri usiku wa manane.

Ndiyo maana maktaba mbili za umma za karibu, ya Kaloleni na ya Makadara, zina umuhimu unaozidi idadi ya vitabu vyake. Zote ni matawi ya Maktaba ya McMillan iliyofunguliwa mwaka 1931 katikati ya jiji, na zilikaa kwa miaka mingi zikichakaa. Shirika la Book Bunk, lililoanzishwa mwaka 2017 na Wanjiru Koinange na Angela Wachuka, lilikubaliana na serikali ya kaunti kuzikarabati. Meza zimerudi, taa zinawaka.

Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 linaziweka maktaba mikononi mwa kaunti, na vilevile vyuo vya ufundi vya ngazi ya kijiji. Kaunti ya Nairobi haihitaji ruhusa ya wizara kuweka mwalimu wa hisabati katika maktaba ya Makadara kuanzia saa kumi na moja jioni. Kifungu cha 37 hakimgusi mwalimu huyo, maadamu anayemhudumia ni mwanafunzi wa chuo. Kwa miaka yote ambayo madiwani wametenga mamilioni ya basari, hakuna aliyeona kwamba sehemu ndogo ya fedha hizo ingeweza kumlipa mtu wa kuhakikisha aliyelipiwa karo anaelewa anachofunzwa.

Kuhusu sheria yenyewe, haingefaa kufutwa. Marufuku ya waziri Sam Ongeri mwaka 2008, kisha ya Mutula Kilonzo mwaka 2012, kabla ya Bunge kuipa nguvu ya sheria mwaka 2013, yalikuwa na sababu nzuri: shule zilikuwa zikiwanyima watoto likizo na kuwatoza wazazi ada za lazima, huku baadhi ya walimu wakiacha mada nusu nusu darasani ili waziuze Aprili na Agosti. Dosari ya marufuku ni kwamba yaliyaona masomo ya ziada kama uhalifu wa kuzimwa pekee, yasiulize kwa nini yanahitajika. Mwalimu wa Mbotela akajikuta anafanya kazi moja, yenye faini kwa mteja wa miaka 16 na isiyo na jina kwa mteja wa miaka 20.

Haya yote yangeweza kusubiri kama muda ungekuwapo. Januari 2026 kundi la kwanza la mtaala wa umilisi liliingia gredi ya 10. Baada ya malalamiko ya wadau, wizara iliamua mwaka 2025 kwamba hisabati ingebaki kuwa ya lazima katika sekondari ya juu, lakini kwa namna mbili: nzito kwa wanaochukua sayansi na teknolojia, na nyepesi kwa wengine. Kundi hilo litamaliza gredi ya 12 mwaka 2028.

Miongoni mwao watakuwamo vijana waliosoma hisabati nyepesi kisha wakabadili nia, kama vijana wabadilivyo, na kutaka kusomea umeme. Vyuo vitawapokea, kwa kuwa vimejengwa ili viwapokee. Wizara imeunda kamati za mitaala, za miundombinu na za ufadhili kwa ajili ya mwaka huo. Ya kuamua ni nani atakayeketi na kijana huyo jioni ya kwanza atakapokosea kujumlisha sudusi na thuluthi, na nani atakayemlipa, haijaundwa.